Mwongozo kamili: jinsi ya kulinganisha wagombea wa mchujo wa Republican na kujua nani mhafidhina kweli, na katika lipi

Kwenye uchaguzi mkuu wa Marekani, jina la chama peke yake humpa mpiga kura nusu ya habari anayoihitaji. Kwenye kura za mchujo, ambazo chama huzitumia kumteua mgombea wake, msaada huo haupo. Wote walioko jukwaani ni wa chama kimoja, wote wanamtaja Ronald Reagan, rais wa miaka ya 1980, kwa heshima, wote wanaahidi kupunguza kodi, na kila mmoja anaapa kuwa yeye ndiye mhafidhina kuliko wenzake. Februari 2012 Mitt Romney, aliyekuwa akiwania urais kwa tiketi ya Republican, alisimama mbele ya mkutano mkubwa wa wahafidhina mjini Washington akajieleza kuwa alikuwa gavana mhafidhina mkali. Ndiye gavana huyohuyo aliyetia saini, mwaka 2006, sheria ya Massachusetts iliyowataka wakazi wawe na bima ya afya la sivyo watozwe faini. Miaka minne baadaye wazo hilo likaonekana tena ndani ya sheria ya afya ya Rais Obama, ile ambayo Warepublican waliipinga kwa nguvu zao zote.

Simsemi Romney kwa ubaya. Nasema neno la mgombea juu yake mwenyewe si ushahidi. Na swali la nani mhafidhina zaidi halina jibu mpaka uongeze: katika lipi? Ukishalijibu hilo, ushahidi wenye uzito kuliko wote ni kile mgombea alichofanya siku ambayo kushika msimamo kungemgharimu.

Nimewaandikia kwanza wasemaji wa Kiswahili waliochukua uraia wa Marekani, watu wenye asili ya Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi na kwingineko. Wengi wao hulelewa katika makanisa na misikiti inayoyapa masuala ya familia uzito mkubwa, na wengi pia wana biashara ndogo na wanajali kodi. Aliyeko Mombasa au Bukavu anayefuatilia siasa za Marekani kwa mbali atafaidika pia. Simpigii mtu kampeni. Hata anayetaka kumkwepa mhafidhina mkali anaweza kutumia njia hizihizi, akasoma matokeo kinyume.

Kwanza kabisa: je, unaruhusiwa kupiga kura hii?

Mwenye grini kadi haruhusiwi kupiga kura ya urais wala ya Bunge la Marekani, iwe ya mchujo au ya mwisho. Ni kosa la jinai, na linaweza kukufukuzisha nchini na kukuharibia ombi la uraia. Katika ofisi za leseni za udereva mara nyingi utaulizwa kama unataka kuandikishwa kuwa mpiga kura. Kama bado hujala kiapo cha uraia, jibu ni hapana, hata kama karani anakuharakisha na foleni ni ndefu nyuma yako.

Kwa raia, kila jimbo lina utaratibu wake. Florida, Pennsylvania na New York hufunga mchujo: ni lazima uwe umejiandikisha mapema kuwa mwanachama wa Republican. Texas haiandikishi wapiga kura kwa chama; unachagua siku ileile utapiga kura ya chama gani, lakini ukishapiga ya Republican huwezi kuingia duru ya pili ya Democrat. California, kwa viti vya Bunge na vya jimbo, huwaweka wagombea wa vyama vyote kwenye karatasi moja na wawili wa juu husonga mbele, wawe wa chama kimoja au viwili. Uliza ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako miezi kadhaa kabla, kwa sababu tarehe ya mwisho ya kubadili chama inaweza kupita kabla hujaona bango hata moja barabarani.

Hatua ya 1: Gawa uhafidhina katika mafungu

Tangu enzi za Reagan, uhafidhina wa Kimarekani umeinjikwa juu ya mafiga matatu: uchumi, yaani kodi ndogo na serikali ndogo, maadili ya jamii, yaani utoaji mimba, ndoa, uhuru wa dini na malezi, na ulinzi, yaani jeshi imara na msimamo mkali mbele ya maadui wa nje. Miaka ya karibuni uhamiaji na biashara ya nje vimekuja kuwagawa Warepublican kuliko hata hayo matatu.

Anayechanganya mafungu haya hupotea, na mfano mzuri ni wa mwaka 2008. Seneta John McCain na Mbunge Ron Paul waligombea mchujo mmoja wa urais. American Conservative Union, taasisi ambayo imekuwa ikiwapima wabunge tangu 1971 kwa alama kutoka 0 hadi 100, ilikuwa imewapa wote wawili alama za jumla zilizokuwa kwenye themanini na kitu. Ukitazama namba tu, utadhani ni mapacha. McCain alipoteza alama kwa kupinga punguzo la kodi la Rais George W. Bush la 2001 na la 2003, kwa sheria ya fedha za kampeni aliyoisukuma pamoja na Mdemokrat Russ Feingold, na kwa kushirikiana na Mdemokrat mwingine, Ted Kennedy, kuhusu wahamiaji. Paul aliachana na wahafidhina wenzake upande mwingine kabisa: alikuwa mmoja wa Warepublican 6 tu wa Baraza la Wawakilishi waliokataa kuidhinisha vita vya Iraq mwaka 2002, na alikuwa ameipinga sheria ya usalama iliyopitishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Mmoja alikuwa askari wa vita aliyetilia shaka punguzo la kodi, mwingine mtu wa serikali ndogo aliyekataa vita. Namba ilikuwa karibu ileile.

Kumbuka pia kwamba kipimo chenyewe husogea. Reagan alitia saini mwaka 1986 sheria iliyowawezesha wahamiaji wapatao milioni 2.7 kupata ukaazi halali. Leo mgombea wa Republican akitoa pendekezo kama hilo atazomewa na wapiga kura wake mwenyewe. Biashara huria ilikuwa alama ya uhafidhina kwa miongo kadhaa. Mwaka 2016 Donald Trump aliishambulia, akaahidi pia kutogusa pensheni ya Social Security wala bima ya wazee ya Medicare, na akashinda mchujo.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika mafungu matano: uchumi, maadili, ulinzi, uhamiaji, biashara. Ukiwa na jambo jingine linalokuhusu, kama silaha au elimu, liongeze. Kisha yape uzito kwa mpangilio wa moyo wako. Fanya hivyo kabla hujasoma jina la mgombea yeyote. Ukianza na mgombea unayempenda, utajikuta unayapa uzito yale tu anayoyafanya vizuri.

Hatua ya 2: Andika maswali yanayoweza kujibiwa kwa kitendo

"Je, anaheshimu familia?" ni swali ambalo kila mgombea atalijibu ndiyo. Uliza lenye meno: alipigia kura gani muswada fulani? Alitia saini au alitumia turufu, yaani alikataa muswada uliopitishwa na bunge? Alimteua nani kuwa jaji? Alitia saini ahadi ya kutopandisha kodi? Ahadi hiyo, ambayo Grover Norquist na taasisi yake ya Americans for Tax Reform wamekuwa wakiwapa wanasiasa tangu 1986, ni kipimo kizuri kwa sababu ni karatasi yenye saini, na kuivunja kunaonekana. Romney aliikataa alipogombea ugavana mwaka 2002, akaitia saini alipoanza kuutaka urais. Mambo hayo mawili yote ni habari kwako.

Maswali mawili au matatu kwa kila fungu yanatosha. Ukiandika thelathini hutamaliza.

Hatua ya 3: Tafuta rekodi kulingana na kazi aliyofanya

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huchoka. Usiwapime mbunge, gavana na mfanyabiashara kwa njia moja, maana nafasi zao za kuonyesha msimamo hazifanani.

*Mbunge au seneta.* Kura zote za majina ziko wazi kwenye tovuti ya Congress.gov na kwenye kurasa za mabaraza yenyewe. Kila kura ina namba na tarehe. Usiishie kwenye kura ya mwisho. Katika Seneti, miswada mingi huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe, ndipo upigiwe kura ya kuupitisha ambayo huhitaji wingi wa kawaida tu. Seneta mjanja anaweza kusaidia kuufungulia muswada njia, halafu akaupinga mwishoni wakati hauwezi tena kuanguka, akarudi jimboni akisema aliupinga. Tazama kura zote mbili. Miswada mikubwa ya bajeti nayo ina mambo mengi ndani yake, na mtu anaweza kuukataa kwa sababu kumi tofauti. Tafuta taarifa aliyoitoa siku ya kura, siyo maelezo aliyoyatunga miaka mitatu baadaye.

*Gavana.* Uliza kwanza bunge la jimbo lilikuwa la nani. Romney alitawala Massachusetts na bunge lililojaa Wademokrat. Alitumia turufu mara mamia na nyingi zikatupwa. Gavana wa namna hiyo mpime kwa alichokipendekeza mwenyewe na alichojaribu kukizuia, kuliko kwa sheria zote zilizopita mbele yake. Gavana mwenye bunge la chama chake hana kisingizio hicho. Tofautisha pia sheria aliyoletewa na amri aliyoitoa mwenyewe. Rick Perry wa Texas alitia saini mwaka 2001 sheria ya kuwatoza wanafunzi wasio na vibali vya uhamiaji ada ya chuo ileile nafuu ya wakazi wa jimbo. Ilikuwa imepita bungeni karibu bila upinzani. Lakini amri ya 2007 ya kuwachanja wasichana dhidi ya virusi vya HPV ilitoka mezani kwake, na bunge la chama chake likaifuta. Kwa kujua silika ya mtu, ya pili inasema zaidi. Vivyo hivyo John Kasich wa Ohio: mwaka 2013 alipotaka kupanua Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, na bunge la Republican likasita, alipitia bodi ndogo ya matumizi ili jambo lifanyike. Unaweza kumsifu kwa huruma au kumlaumu kwa kuipanua serikali, ila huwezi kusema alilazimishwa.

Taasisi ya Cato, inayotetea serikali ndogo, huwapa magavana daraja kutoka A hadi F kila baada ya miaka miwili kwa kodi na matumizi peke yake. Kwa fungu la uchumi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa utoaji mimba au mipaka haitakusaidia kitu.

Mtu mmoja akiwa amefanya kazi zote mbili, zisome zote. Mike Pence akiwa mbunge aliwapinga viongozi wa chama chake kwenye sheria ya elimu ya Bush na kwenye sheria ya kuwalipia wazee dawa. Akiwa gavana wa Indiana, mwaka 2015, alipanua Medicaid kwa mpango wenye masharti yake. Kupinga matumizi ukiwa mmoja kati ya wabunge 435 ni rahisi kuliko kukataa fedha za serikali kuu ukiwa wewe ndiye unayeulizwa kwa nini hospitali ya kijijini inafungwa.

*Asiye na rekodi ya uongozi.* Anza na fedha. Tume ya Uchaguzi ya Marekani, FEC, huweka wazi majina ya waliochangia zaidi ya dola 200 kwa kampeni moja. Trump alikuwa amewachangia Wademokrat kadhaa, Hillary Clinton akiwemo, na katika mdahalo wa Agosti 2015 hakukana. Alieleza kwamba mfanyabiashara hutoa kwa wote. Adam Bonica wa Chuo Kikuu cha Stanford ametengeneza kipimo kizima kinachokadiria msimamo wa mgombea kutokana na nani anamchangia, na kwa mgombea mpya huenda hicho ndicho pekee utakachopata. Kisha tafuta mahojiano ya zamani, hasa yale ya kabla hajafikiria kugombea.

Hatua ya 4: Soma alama za taasisi ukijua nani kazitoa

Kila mzunguko wa uchaguzi utaona matangazo: "asilimia 96 ya uhafidhina!" Usiitupe namba hiyo, lakini ifungue uone kilichomo.

Jambo la kwanza ni kwamba taasisi huchagua kura chache kati ya mamia ya mwaka. Americans for Democratic Action, ya upande wa kushoto, yaani ule unaopingana na wahafidhina, hutumia kura 20 tu. Mchaguzi wa kura ndiye mwenye matokeo. Club for Growth inatazama uchumi; NumbersUSA inatazama uhamiaji na inataka upungue; SBA Pro-Life America inatazama utoaji mimba; NRA, chama cha watetezi wa haki ya kumiliki bunduki, inatoa daraja za silaha, na ukiona alama ya AQ maana yake mgombea hana rekodi, amejaza dodoso tu. Ahadi kwenye dodoso haina uzito wa kura iliyopigwa. Heritage Action, iliyoanzishwa 2010, huhesabu hata kuunga mkono miswada, na mara nyingi huwa kali kwa uongozi wa chama chenyewe.

Pili, utoro. Taasisi hazihesabu wasiohudhuria kwa namna moja. Jarida la National Journal lilimtaja John Kerry kuwa seneta mliberali, yaani wa kushoto, kuliko wote kwa mwaka 2003, na Barack Obama kwa 2007. Wote wawili walikuwa wametumia sehemu kubwa ya mwaka wakifanya kampeni za urais na kukosa kura nyingi. Americans for Democratic Action, kwa upande wake, huhesabu kukosa kura kama kutounga mkono, hivyo mliberali mtoro huonekana wa wastani. Ukikuta alama ya mwaka wa kampeni, iache. Tumia ya maisha yote, au ya miaka mitatu ya kabla hajaanza kuzunguka kwenye kampeni.

Tatu, kuna vipimo vya kitaaluma visivyochagua kura. Kinachojulikana zaidi ni DW-NOMINATE cha Keith Poole na Howard Rosenthal, kinachotumia karibu kura zote zenye mgawanyiko na kumweka kila mbunge kati ya -1, kushoto kabisa, na +1, kulia kabisa. Kiko wazi kwenye tovuti ya Voteview. Nakiheshimu sana, lakini kina udhaifu unaopaswa kuujua: kinaona nani amepiga kura pamoja na nani, hakioni sababu. Mbunge anayekataa muswada wa chama chake kwa kuwa haufiki mbali anaweza kuhesabiwa kama aliyesogea katikati. Ndiyo maana Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge wa Democrat wa mrengo wa kushoto ambaye hakuna anayemdhania kuwa wa wastani, aliwekwa na kipimo hiki karibu na katikati kuliko Wademokrat wengi wenzake. Warepublican waasi wa mrengo wa kulia wanaweza kupatwa na hayohayo.

Shauri langu ni hili: kwa kila fungu ulilolipa uzito, chukua taasisi moja inayolishughulikia fungu hilo tu, uongeze na DW-NOMINATE kwa picha ya jumla. Vikipishana sana juu ya mtu mmoja, usitafute wastani. Tafuta kura zilizosababisha tofauti, kwa kuwa hapo ndipo utakapomfahamu.

Hatua ya 5: Tafuta siku alizobanwa

Mrepublican kupiga kura dhidi ya muswada wa Wademokrat haionyeshi mengi. Karibu wote hufanya hivyo. Rekodi inaanza kusema pale ambapo rais wa chama chake, viongozi wake wa bunge au wafadhili wake walitaka kitu kimoja, na misingi ya kihafidhina ikataka kingine.

Kwa waliokuwa bungeni miaka ya 2000, kuna kura tatu ambazo mimi huzitazama kwanza. Sheria ya elimu ya No Child Left Behind ya 2001 iliipa serikali kuu mkono mrefu zaidi shuleni. Sheria ya dawa za wazee ya Novemba 2003 iliongeza mzigo mkubwa kwenye Medicare; usiku ule Baraza la Wawakilishi liliiacha kura wazi kwa karibu saa tatu, wabunge wakibembelezwa na kushinikizwa, mpaka ikapita 220 dhidi ya 215. Warepublican 25 walikataa hadi mwisho. Ya tatu ni mpango wa kuyaokoa mabenki. Septemba 29, 2008 ulianguka kwa kura 228 dhidi ya 205, Warepublican 133 wakiukataa; siku chache baadaye, masoko ya hisa yakiwa yameporomoka, ukapita. Linganisha mbunge aliyebadili kura kati ya siku hizo mbili na yule ambaye hakubadili.

Rick Santorum, seneta wa zamani wa Pennsylvania aliyewania urais mwaka 2012, aliunga mkono sheria ya elimu na ile ya dawa. Alipobanwa juu ya ile ya elimu kwenye mdahalo wa Arizona, Februari 2012, alikiri kwamba ilikuwa kinyume na imani yake ila siasa ni mchezo wa timu. Ukumbini walizomea. Mwaka 2004 pia alikuwa amemuunga mkono Seneta Arlen Specter, aliyetetea haki ya kutoa mimba, dhidi ya mhafidhina Pat Toomey kwenye mchujo wa Pennsylvania. Hata hivyo ni Santorum aliyekuwa mstari wa mbele kuusukuma muswada wa kupiga marufuku aina moja ya utoaji mimba wa hatua za mbele, uliokuwa sheria mwaka 2003. Ulikuwa umepigwa turufu na Clinton katika miaka ya 1990 naye hakuuacha. Ukimpima kwa maadili utamweka juu. Kwa matumizi ya serikali utamshusha.

Hatua ya 6: Amua utamfanyaje aliyebadilika

Kama utamkataa kila aliyebadili msimamo, utamkataa na Reagan. Akiwa gavana wa California, mwaka 1967, alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya utoaji mimba, akapandisha kodi mwaka huohuo, na mwaka 1969 akatia saini sheria ya talaka isiyohitaji kuthibitisha kosa. Kwa rekodi ya ugavana tu angeanguka mtihani wa wahafidhina wa leo. Akiwa rais alipunguza kodi kwa kiasi kikubwa mwaka 1981, na mwaka 1984 serikali yake ikaweka sera ya kuzuia fedha za misaada kwenda kwa mashirika ya nje yanayohusika na utoaji mimba.

Maswali ya kumwuliza aliyebadilika ni haya: Alibadilika lini, kabla au baada ya kutamani cheo kinachohitaji msimamo mpya? Je, mabadiliko yalimpotezea marafiki? Na tangu hapo amefanya nini? La tatu ndilo kubwa. Romney aligombea useneti mwaka 1994 akitetea haki ya kutoa mimba, akabadilika katikati ya ugavana wake, muda si mrefu kabla ya kuanza safari ya urais. Wakati huo una mashaka. Lakini turufu alizotumia baada ya kubadilika ni za kweli pia, na uzito wake uamue wewe.

Kisa cha Trump kinaniwia kigumu zaidi, na sitakificha ugumu wake. Mwaka 1999 alijitangaza kwenye televisheni kuwa mtetezi mkubwa wa haki ya kutoa mimba. Aliyefuata rekodi mwaka 2016 alikuwa na kila sababu ya kumweka chini kwenye fungu la maadili. Majaji watatu aliowateua, Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, ndio waliokamilisha wingi uliofuta haki ya kikatiba ya utoaji mimba Juni 2022. Ninachokichukua hapo ni kwamba ahadi nayo ina daraja zake. Mei 2016 Trump alitoa orodha ya majina ya majaji ambao angewafikiria. Ilikuwa ahadi mahususi, yenye majina, iliyoweza kukaguliwa. Ahadi ya namna hiyo ipe nafasi kwenye jedwali lako. Ahadi ya "nitateua majaji wazuri" usiipe chochote. Na usikome kufuatilia: Septemba 2023 Trump huyohuyo aliiita kosa baya sana sheria ya Florida ya kuzuia utoaji mimba baada ya wiki sita, ambayo Gavana Ron DeSantis, mpinzani wake kwenye mchujo, alikuwa ameitia saini Aprili mwaka huo.

Hatua ya 7: Jaza jedwali

Wagombea waende safu za juu, mafungu pembeni. Ndani ya kila kisanduku andika kitendo kimoja na mwaka wake, siyo sifa. Tuchukue wagombea wanne wa mchujo wa urais wa 2012, kwa mafungu manne kati ya yale matano.

Uchumi: Newt Gingrich aliongoza Baraza la Wawakilishi tangu 1995, akapitisha mageuzi ya 1996 ya misaada ya serikali kwa maskini na punguzo la kodi la 1997, lakini Mei 2011 aliubeza mpango wa Medicare wa Paul Ryan, mpango wa chama chake. Paul alikataa karibu kila matumizi. Romney ana sheria ya afya. Santorum ana sheria ya dawa.

Maadili: Santorum juu. Paul, daktari wa uzazi, alipinga utoaji mimba ila akitaka suala lirudi majimboni. Gingrich alipinga. Romney alibadilika.

Ulinzi: Paul peke yake upande mmoja, watatu upande mwingine.

Uhamiaji: Romney alitaka mazingira yabane hadi wasio na vibali waondoke wenyewe. Gingrich, katika mdahalo wa Novemba 2011, alisema haifai kumng'oa mtu aliyeishi nchini miaka 25 na ana wajukuu hapo.

Sasa weka uzito ulioandika kwenye hatua ya 1. Muumini anayetanguliza uhai wa mtoto anafika kwa Santorum. Mfanyabiashara anayetanguliza ukubwa wa serikali anafika kwa Paul, isipokuwa msimamo wake wa vita umshinde. Anayetanguliza mipaka anajikuta kwa Romney, mtu aliyeshuka kwenye uchumi na kwenye maadili. Wote watatu wamefanya hesabu sahihi.

Hatua ya 8: Uwezo wa kushinda uwe na safu yake

William F. Buckley, mwandishi maarufu wa kihafidhina, aliwashauri wahafidhina wamuunge mkono aliye kulia zaidi kati ya wanaoweza kushinda. Ni ushauri wenye akili, lakini watu huutumia vibaya: humpenda mgombea kwa sababu anaonekana kushinda, kisha wakajishawishi kuwa ni mhafidhina. Jaza kwanza safu za rekodi, uzifunge, ndipo ufungue hii.

Historia ya mbio za useneti ina mifano ya pande zote. Delaware 2010, Christine O'Donnell alimwangusha Mike Castle mwenye msimamo wa wastani kwenye mchujo, kisha akashindwa vibaya na Chris Coons. Indiana 2012, Richard Mourdock alimtoa Richard Lugar aliyekaa Seneti miaka 36, na kiti kikaenda kwa Mdemokrat Joe Donnelly. Upande mwingine, Florida 2010 wakubwa wa chama walianza na Gavana Charlie Crist, na Marco Rubio akashinda hadi mwisho. Texas 2012 Ted Cruz alimbwaga makamu wa gavana David Dewhurst katika duru ya pili. Cha kutazama ni jimbo lenyewe: je, kwenye uchaguzi wa urais uliopita lilimpa mgombea wa Republican ushindi mkubwa? Kama ndiyo, hofu ya "hawezi kushinda" ipunguze. Kama jimbo hugombaniwa kwa pointi mbili tatu, ipe uzito.

Viti vya chini

Kwa bunge la jimbo, bodi ya shule au kamishna wa kaunti, alama za taifa hazipo au ni haba. Wataalamu Boris Shor na Nolan McCarty wamepima wabunge wa majimbo kwa kipimo kinacholinganishika kati ya jimbo na jimbo. Zaidi ya hapo utategemea kumbukumbu za vikao, orodha za wachangiaji na miguu yako. Faida yake ni kwamba mgombea wa bodi ya shule unaweza kumpata mwenyewe. Nenda kwenye mkutano wake, umwulize maswali yaleyale uliyoandika, kwa maneno yaleyale utakayomwuliza mpinzani wake, na uandike jibu papo hapo.

Wiki mbili za mwisho

Vipeperushi vitajaa kwenye sanduku la barua, na klipu za sekunde kumi zitazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nyingine zikiwa zimetafsiriwa Kiswahili na mtu asiyejulikana. Usibadili jedwali kwa klipu. Hotuba nzima mara nyingi iko kwenye hifadhi ya C-SPAN, televisheni inayoonyesha vikao vya Bunge na hotuba za siasa, na maandishi ya midahalo ya urais yamehifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kipeperushi kikidai kura fulani, mara nyingi kitakuwa na namba ya muswada kwa maandishi madogo chini; itafute kwenye Congress.gov uone kama ilikuwa kura ya mwisho, ya marekebisho au ya utaratibu tu. Kisipokuwa na namba, kiache.

Pakua mfano wa karatasi ya kura wa kaunti yako, uweke alama nyumbani, na uulize kama jimbo lako linaruhusu kuingia nayo kwenye chumba cha kupigia kura ikiwa imechapishwa, maana majimbo kadhaa hayaruhusu simu.